Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari la Pamoja la Picha za Moyo

Ndugu wanachama,

Salamu kwenu nyote, wa Malindi mjini, Watamu, Gede, Gongoni na Marafa. Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia daftari la pamoja la wagonjwa wetu wa moyo, yaani kumbukumbu na picha zao za moyo kutoka kliniki zetu, kwani ndilo lililoishughulisha kamati mwaka mzima na ndilo mtakalopigia kura.

Mtoto akipata mafindofindo ya bakteria yasitibiwe, anaweza kuingia homa ya baridi yabisi, na vali za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, zikaharibika pole pole bila mtu kushtuka. Mara nyingi hugundulika ukubwani, mama anapokuwa mjamzito na pumzi zinamwishia. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha hayo mapema, lakini picha ikibaki ndani ya mashine ya kliniki moja inamfaa mgonjwa mmoja kwa siku moja. Utafiti wa REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 wa aina hii kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini. Katika waliofuatiliwa miaka miwili, takriban 17 kwa kila 100 walifariki. Hayo yalijulikana kwa kuwa hospitali 25 zilikubali kuuliza maswali yale yale.

Kwetu, kazi iliyotutoa jasho ilikuwa majina. Mnajua desturi ya Wagiriama: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Basi Karisa Kazungu anamzaa Kazungu Karisa, na karani anayetanguliza jina la mwisho anawageuza baba na mwana wakawa mtu mmoja. Mohamed naye huandikwa Muhamadi kliniki ya pili, akahesabiwa mara mbili. Namba ya simu haikusaidia, maana watu hubadilisha laini. Tumeamua kila mtu atambuliwe kwa jina la mama, kijiji na mwaka wa kuzaliwa kwa pamoja, kisha apewe namba ya daftari itakayoandikwa kwenye kadi yake. Makarani walinung'unika mwanzoni kwa sababu foleni ilirefuka. Nawashukuru kwa kuvumilia.

Picha zenyewe zina masharti. Kwa vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya 2023, damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa huu ikiwa mkondo wake una urefu wa sentimita 2 au zaidi. Kwa mtoto chini ya kilo 30, sentimita 1.5. Tena mvujo huo lazima uonekane kutoka pembe mbili. Kwa hiyo picha iliyohifadhiwa bila uzito wa mtoto, au ya pembe moja tu, hakuna mtafiti atakayeweza kuisoma upya. Nawasihi wapimaji: mizani kwanza, ndipo kitandani.

Liko pia jambo ambalo kamati haitalilegeza. Mashine nyingi za eko huchapa jina la mgonjwa juu ya picha yenyewe. Kufuta jina kwenye faili hakutoshi; jina bado linasomeka pale kwenye kona. Kila picha itafunikwa sehemu hiyo na kukaguliwa kwa macho ya mtu kabla haijatoka kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mgonjwa haki ya kuondoa ridhaa yake. Fomu yetu inasema hivyo kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma husomewa na mtu anayemwamini, si na mpimaji.

Kura yenu ni hii: je, watafiti wa nje wapewe nakala za picha, au waje wazisome hapa hapa, chini ya uangalizi wetu na kwa kibali cha kamati ya maadili? Mimi nasimama na hilo la pili. Nakala ikishaondoka Malindi, mama wa Marafa akisema anajitoa, hatutakuwa na mkono wa kuifikia. Wako wanaohofia kwamba tutawakimbiza wafadhili, na hoja yao ni nzito. Watapewa nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Wagonjwa wanachama wakae mbele siku hiyo, nao ndio watakaoanza kusema.