Amplifaya ya tyubu: nunua ile utakayoweza kuifungulia sauti

Wadau wa gitaa, habari zenu. Kuna maswali mawili yanatufikia hapa karakana kila mara. Wa kwanza anataka amplifaya (amp) ya tyubu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani na kukuza sauti, ila hajui achukue ipi. Wa pili anasema gitaa limemchosha, kila akilishika inatoka mistari ile ile, anafikiria labda aongeze pedali nyingine. Sisi tunaona hawa wawili wana tatizo moja, manake huyo wa pili ukimuuliza anapigia nini utasikia ana amp kubwa ya wati 100 ambayo tangu ainunue volume haijawahi kupita mbili, au anapiga kwenye hedifoni tu usiku kucha.

Tyubu ukiipa sauti ndogo inaipitisha safi. Ukiisukuma inaanza kubana, halafu inakwaruza taratibu, haikati sauti ghafla. Kwahiyo ukigusa uzi kwa upole unapata sauti safi, ukicharaza kwa nguvu inakoroma, ukirudisha volume ya gitaa lenyewe inatulia tena, na yote hayo hujakanyaga pedali hata moja. Mpigaji akishaonja hilo mkono unabadilika wenyewe, anaanza kuacha nafasi kati ya noti, anarudia mstari mmoja kwa nguvu tofauti na kila mara unamjibu tofauti, na mawazo mapya mengi tunayoyasikia watu wakijaribu amp hapa yanatokea hapo hapo. Ila inahitaji amp iwe inafanya kazi kweli, na amp kubwa kwenye chumba kidogo haiwezi kufika huko bila majirani kugonga mlango.

Watu wengi wanadhani wati 100 ni sauti mara mbili ya wati 50, sio hivyo kabisa. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linazisikia kama kuongeza kidogo. Ili sauti isikike imeongezeka mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Spika nayo ina mchango mkubwa, kuna inchi 12 za desibeli 97 na kuna za 100, na hizo 3 za tofauti ni sawa na kuzidisha wati za amp mara mbili bila kugusa amp. Ndo maana wati 15 zenye spika nzuri zinapigana na drums vizuri tu, na kama kanisani au ukumbini kuna mixer unaweka maiki mbele ya spika, mambo yameisha.

Kwa anayeona vidole vimeganda, kabla hujatoa hela yoyote fanya hivi. Zima pedali zote. Panda na volume ya amp mpaka ukipiga kwa nguvu ikwaruze kidogo, halafu rudisha volume ya gitaa nusu. Sasa chukua mstari wa chombo ambacho sio gitaa. Wapiga benga wa kule Nyanza, Kenya, walifanya hivyo, miondoko ya nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, wakaihamishia kwenye nyuzi za gitaa na ndo maana benga ina ule mkimbio wake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyekuwa anaimba kwa Kiswahili, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na ukimsikiliza utadhani wapo wawili. Jaribu hivyo kwenye gitaa la umeme. Kwa mtu wa Zanzibar au Tanga ipo kanuni, ipo udi, mistari imejaa taarab nzima inasubiri mtu aiweke kwenye solo. Na Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga solo, tangu bendi ya Morogoro Jazz mpaka Super Volcano, msikilize jinsi solo lake linavyozungumza na sauti yake, haliijazi kila sehemu.

Haya, kuchagua. Tuulize kwanza unapiga muziki gani na wapi, jina la amp baadae.

Kama ni dansi au rumba yenye sebene ndefu, unataka sauti safi inayong'aa ambayo haivurugiki magitaa matatu yakiingia pamoja. Hapo amp za aina ya Fender, zenye tyubu za 6L6 au 6V6, ndo tunazipendekeza. Twin Reverb ina wati 85 na spika mbili za inchi 12, ni safi ajabu, lakini ina karibu kilo 29 na kama usafiri wako ni bajaji utaijutia. Deluxe Reverb ina wati 22 na kilo kama 19, na kwa shoo nyingi za hapa mjini inatosha kabisa ukiwekewa maiki. Kwa bluzi na roki watu wanapenda tyubu za EL34, zile za amp nyingi za Marshall, zina ule mkoromo wa katikati. Tyubu za EL84 zinapatikana kwenye amp za Vox AC15 na Fender Blues Junior, wati 15, zinakwaruza mapema, na kwa mtu anayerekodi nyumbani au anayepiga sifa kanisani tunaona ndo mahali pazuri pa kuanzia. Nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani, tafuta wati 1 mpaka 5.

Na kama unachotaka ni usafi tu usiku mzima, hutaki mkwaruzo hata kidogo, tutakwambia wazi usinunue tyubu. Amp ya Roland JC-120, ya transista isiyo na tyubu, ipo tangu 1975 na kwa kazi hiyo bado ni nzuri mno. Hatutaki mtu alipe matunzo ya tyubu bure.

Sasa umeme, na hapa tunaomba msome taratibu kwasababu ndo panapoua amp nyingi zinazoletwa kwetu. Tanzania tuna volti 230, hezi 50. Amp ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Ya Japani ni volti 100. Mtu anapata amp nzuri ya mtumba kwa bei ya kutupa, anabadilisha plagi tu, anachomeka, fyuzi inakatika, anaizungushia karatasi ya sigara, anachomeka tena na transfoma ya umeme inaungua. Hiyo transfoma ndo kifaa cha bei mbaya kuliko vyote humo ndani pamoja na transfoma ya sauti. Geuza amp nyuma usome kibandiko. Kama ni ya 120 tafuta transfoma ya kushusha yenye uwezo mara mbili ya wati za umeme zilizoandikwa pale nyuma, sio wati za sauti, maana amp inakula umeme mwingi kuliko sauti inayotoa. Na kama imeandikwa hezi 60 peke yake, ujue kwenye 50 transfoma yake itapata joto zaidi hata volti zikiwa sahihi. Ndo maana mtumba wa Ulaya kwetu ni salama zaidi, umeme wao ni kama wetu.

Umeme mdogo nao unaumiza. Moto wa ndani ya tyubu unatakiwa uwe volti 6.3, mtaani kwako ukishuka mpaka 190 ule moto unakuwa kama 5.2, sauti inafifia na mtu anaanza kubadilisha tyubu ambazo hazina kosa. Weka stabilaiza.

Mengine kwa kifupi. Usiwashe amp ya tyubu bila spika kuchomekwa, transfoma ya sauti inaweza kwenda. Om za spika (kipimo cha ukinzani wake) zifanane na tundu ulilochomeka, 8 kwa 8. Ukimaliza shoo acha tyubu zipoe kabla hujapakia, njia mbovu na tyubu ya moto haviendani. Ukiwa karibu na bahari chumvi inakula jeki na soketi, amp ikianza kukatakata au kunguruma ilete tuisafishe mapema. Na usifungue kasha la amp mwenyewe tafadhali, mle ndani kuna volti 300 mpaka 500 na kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi.

Tyubu kubwa za kutolea sauti, kwa anayepiga kila wiki, huwa tunazibadilisha baada ya mwaka mmoja au miwili, na kwa amp nyingi tukiweka mpya tunapima bayasi upya, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye tyubu ikiwa imetulia, ila tyubu ile ndogo ya 12AX7 inadumu zaidi na haihitaji hiyo kazi.

Ukija kujaribu njoo na gitaa lako mwenyewe na waya wako, tutakuachia amp mbili tatu uzifungulie sauti mpaka zifike pale pake. Na kama kuna amp umeiona kwa mtu, tutumie picha ya kibandiko cha nyuma kabla hujalipa, kuangalia picha ni bure.