Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tuwekee vitabu kliniki

Shikamoo Mheshimiwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Makorora, nauza vitumbua asubuhi. Nakuandikia kuhusu vitabu na kuhusu sisi wanawake.

Shuleni sikupenda kusoma hata kidogo, kusoma ilikuwa ni kusimamishwa mbele ya darasa ukikosea unachapwa, kipindi kikiisha sisi wasichana tunatumwa maji nyumbani kwa mwalimu wavulana wanabaki na vitabu. Nikavunja ungo, nikawekwa ndani, kungwi akanifunda. Simsemi vibaya, mpaka leo namheshimu na mengi aliyonambia yamenisaidia, lakini yote yalikuwa ya kumtunza mtu mwingine, mume, mtoto, wakwe, na neno kubwa lilikuwa kunyamaza. Nikajua huo ndo uanamke wenyewe.

Kitabu nimekipenda ukubwani, tena kwa sababu ya mama mkwe. Yeye hajui kusoma. Siku moja nikamsomea maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, yale aliyoandika Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa Tanga, aliyezaliwa 1909. Mama alikuwa anasuka ukili, nikaona mikono imesimama. Akasema rudia hapo mwanangu. Hapo palikuwa pa yule binti wa Fumba, mama yake mfinyanzi, anatembeza vyungu kwa miguu mpaka mjini, shule hana, na ndo huyo huyo mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili! Watu walimcheka umaskini na sura yake, yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba cha kutazamwa ni akili. Mheshimiwa, mi nililia. Maana nimeshaambiwa mengi kuhusu sura yangu na sikuwahi kujua kwamba mwanamke anaweza kujibu na asiwe mkosa adabu.

Kuanzia hapo kila baada ya Isha tunasoma, mama akichoka anakata kipande cha ukili anakiweka katikati ya kurasa, kesho tunaanzia hapo.

Nikaenda maktaba ya mkoa kutafuta vingine. Nilivua ndala mlangoni, nilidhani pale ni pa wasomi tu, dada mmoja akanambia ingia nazo tu dada karibu. Nilifurahi sana siku ile. Lakini wanawake wangapi wa huku mitaani, na wa Pongwe huko, na wa vijijini Muheza, watafika pale? Nauli ipo wapi, na mtoto mgongoni, na chakula cha mchana nani atapika?

Ila kliniki tunaenda wote. Kila mwezi tunabeba watoto kwenda kupimwa uzito, tunakaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa sita huko, wenye simu wanachezea simu, wasio nayo tunaangaliana tu na kusemana. Yale masaa yote yanapotea Mheshimiwa, na pale ndo mahali pekee mwanamke anakaa chini bila mtu kumwita.

Ninachoomba ni kabati moja kila kliniki ya mama na mtoto. Sio jengo. Vitabu hata ishirini vya Kiswahili, hadithi, mashairi, maisha ya watu, sio vipeperushi vya uzazi wa mpango peke yake (hivyo vipo na tunashukuru), na daftari la kuazima ili mtu akikolea aende nacho nyumbani akirudishe siku ya kliniki. Funguo apewe mama mmoja wa mtaa. Kwa hapa Makorora mimi nipo tayari, nikimaliza vitumbua saa tatu nimeshafika, na sidai hata mia. Wasiojua kusoma tutawasomea kwa sauti, kama ninavyomsomea mama, na kitabu cha kwanza kwenye hilo kabati nitakileta mimi, mama mkwe ameshakubali, kasema tu ule ukili wake usitolewe.

Wako,
Mama muuza vitumbua, Makorora, Tanga