Mafuta ni yako, ila sindano inaishia wapi?

Mhariri habari za kazi, mi ni msusi hapa Majengo Dodoma, nimeona niwaandikie maana saluni kwangu stori kila siku ni shepu na kuna neno moja linanitia hofu kweli, "za asili". Wadada wanaambiwa mafuta yanatolewa tumboni yanahamishiwa kwenye makalio, ni ya mwili wako mwenyewe, kwahiyo madhara hakuna. Hapo ndo tunapodanganyana.

Juzi kati nilimsuka mteja aliyerudi kutoka Uturuki, kafanyiwa huko. Nilimsuka kapiga magoti juu ya mto, kifua kakilaza kwenye kiti, masaa manne, jasho linamtoka, maana daktari kamkataza kukalia makalio kwa wiki kadhaa ili yale mafuta yashike. Akanielewesha kwamba yanafyonzwa, yanasafishwa ndo yanadungwa, na hayashiki yote, mengine mwili unayanyonya wenyewe, na ukikonda nayo yanapungua. Daktari wake alimgomea alipotaka makubwa zaidi, akamwambia shepu yako itatokana na kupunguza kiuno kuliko kujaza nyuma. Mi nikamwangalia vizuri, na kweli usingejua kama kafanyiwa.

Ila nilivyoanza kusoma mwenyewe ndo nikashtuka. Mwaka 2017 madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi, wale wanaorekebisha maumbo ya mwili, waliulizwa kuhusu vifo, ikaonekana inaweza kufikia mtu mmoja kati ya 3,000 wanaofanyiwa hii ya makalio. Shida ni sindano ikiingia ndani kwenye msuli, kule kuna mishipa mikubwa ya damu, ikitoboka mafuta yanaingia yanaenda kwenye moyo na mapafu, mtu anaondoka. Kwahiyo hata kama ni ya kwako mwenyewe yanaua vilevile. 2018 vyama vya madaktari hao vikatoa onyo, mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, msuli usiguswe. Florida kule Marekani wameweka mpaka sheria, daktari atumie ultrasaundi aone sindano ilipo, na mwaka 2022 waliwahi kuweka kanuni ya dharura kwamba kwa siku asizidishe watu watatu.

Sasa njoo huku kwetu. Binti ninayemfundisha kusuka kaitwa na mtu mmoja chumba cha gesti akadungwe kwa laki tatu, akanionesha picha ya "mafuta" yenyewe, kichupa cha plastiki kifuniko cha bluu, hakina lebo wala jina. Nikamwambia mwanangu, mafuta ya mwili wako hayawezi kukusubiri kwenye chupa, yanatoka kwako siku hiyohiyo tena teatani, kama wewe hujatolewa kitu basi hicho ni kitu kingine kabisa!

Mhariri naomba ukurasa wenu wa afya mumuite daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, huduma hizi zipo, siyo lazima mtu aende gesti. Atueleze daktari anakaguliwaje kama kasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, nani anakesha na mgonjwa usiku ule, pumzi ikibana anakimbizwa wapi. Na muandike Kiswahili hiki cha kwetu ili nisome kwa sauti hapa saluni wote wasikie. Fanyeni mapema jamani, huyu binti namba ya yule mtu bado hajaifuta kwenye simu.

Msusi, Majengo, Dodoma