Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: Turudishieni Tarehe ya Mchezo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe mwenyewe, mwezi wa tisa, ulisimama mbele yetu kwenye ukumbi wa kulia chakula shuleni, ukatuambia wazazi tuliokuja hapa Kentucky, Marekani, kutoka mbali tukuandikie kwa lugha zetu, wakalimani wapo. Nimekuandikia mara mbili, sijajibiwa. Hii ya tatu nimeona niiweke wazi.

Jioni ileile ulituahidi kwamba wanafunzi watacheza jukwaani To Kill a Mockingbird, mchezo uliotokana na riwaya ya Harper Lee, mwezi wa pili. Jumatatu iliyopita mwanangu amerudi na karatasi ya mistari mitatu: mchezo umeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Tarehe hakuna, sababu hakuna. Mmenyamaza, tumebaki kukisia. Huku wanasema ni lile neno la kuwatukana Weusi, kule wanasema kuna wazazi wanaoogopa watoto wao wa Kizungu watajisikia vibaya. Mimi nadhani ni hilo la pili, na kama nakosea, nijibu unisahihishe.

Mwanangu ana miaka 16. Amepewa kuwa Tom Robinson, yule Mweusi anayesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu, na mkono wake wa kushoto hauna kazi kwa sababu ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba utotoni. Tangu mwezi wa kumi na moja anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Wa kushoto ameubana tumboni, sahani ameiegemeza kwenye ukingo wa sinki, midomo inacheza. Vikombe viwili vimevunjika, sikumgombeza. Ovaroli yake nimeishona mimi, asubuhi nikitoka zamu ya usiku ghalani. Zamu tatu nimezikosa kumfuata mazoezini, maana basi la shule halisubiri, na zamu tatu ni pesa ya kodi ya nyumba.

Mheshimiwa, kuna mahali kwenye kesi ile Tom anasema alimsaidia yule msichana kazi kwa sababu alimhurumia. Hapo mwendesha mashtaka anamrukia. Mtu Mweusi amhurumie Mzungu? Mwanangu aliniuliza kwa nini hilo liwe kosa. Sisi tumeishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka 14, tukihurumiwa kila siku, kwa foleni na kwa kadi. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba na sisi tunaweza kumhurumia mtu. Nilimwambia hivyo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaisema upya ile sehemu yake, na nikamsikia anaisema tofauti. Hilo ndilo mlilolisimamisha.

Na mchezo huu si mgeni katika nchi hii. Monroeville, Alabama, mji aliozaliwa Harper Lee, wenyeji wenyewe, Weusi na Wazungu, wamekuwa wakiucheza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kesi ikisikilizwa ndani ya mahakama ya zamani ya mji. Watazamaji huchaguliwa kukaa kwenye viti vya juri, yaani raia wanaoamua kesi, wamhukumu Tom kwa macho ya jirani zao. New York, Februari 2020, wanafunzi 18,000 wa shule za umma waliutazama bure siku moja, kwenye ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden. Kama Alabama imeweza kuutazama, Kentucky inashindwa nini?

Kama ni lile neno, waiteni wazazi mliseme mbele yetu. Sisi ndio linalotupiga, sisi ndio mlipaswa kutuuliza kwanza. Mimi nitakuja hata nikitoka kazini bila kulala.

Sikuombi fidia ya zamu zangu. Naomba tarehe. Ukumbi upo, watoto wameshika maneno yote, ovaroli imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake na kila asubuhi ananiuliza kama umejibu. Tupe tarehe, Mheshimiwa, kabla shule hazijafungwa.

Wako kwa heshima,
Mama wa Tom Robinson