Mnyime baba nafasi ya kusema

Kwako rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mchezo wako nimeusoma hadi mwisho, na ule ubishi wa baba na mwanawe haujanitoka kichwani. Ila nakuambia kweli: wanapoanza kupigiana kelele, ndipo taharuki inapokufa. Mtu akishatoa yote ya moyoni, mtazamaji asubiri nini tena?

Hebu mtazame Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale. Katika Mfalme Oedipus siri inatoka mapema: Tiresias, mtabiri kipofu, anamwambia mfalme usoni kwamba muuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe. Na bado tunakaa roho juu juu! Tiresias hakutaka kusema. Aliomba arudi zake nyumbani, mfalme akamchokoza mpaka akalipuka. Kwa kuwa ukweli umetoka kwa hasira, Oedipus anauona ni uchochezi tu, anamgeukia shemeji yake Creon na kumshuku njama. Makabiliano yanazaa makabiliano.

Lakini onyesho ninalolipenda kuliko yote ni la mzee mchunga kondoo. Jocasta, mke wa Oedipus, aliyekwisha kung'amua kwamba mumewe ni mwanawe wa kumzaa, amemsihi aache kuuliza, kisha ameingia ndani. Mjumbe wa Korintho anamkumbusha mzee kile kitoto ambacho mzee alimpa zamani, nacho ndicho Oedipus mwenyewe, tena kwa uchangamfu, akidhani analeta heri. Mzee anamkemea anyamaze. Mfalme anaamuru apindwe mikono nyuma. Maswali mafupi, majibu mafupi, mstari kwa mstari. Mzee analia kwamba sasa amefikia lile neno la kutisha lenyewe. Oedipus anajibu kwamba naye amefikia kulisikia, na hana budi kulisikia. Hapo huwa nashika kiti kwa mikono miwili. Angeweza kuacha!

Kwako mwana anataka kujua na baba anataka kuficha, lakini baba anafichua katika jibu lake la kwanza. Mnyime. Ajibu swali kwa swali, aagize maji, atafute sababu ya kutoka. Na mwana awe na kitu atakachokipoteza akijua. Yule mama uliyemwacha chumbani mtoe, asimame pale asikilize, maana wabishi wawili mbele ya shahidi hupima maneno. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, anasema Sophocles ndiye aliyeleta mwigizaji wa tatu jukwaani, na katika onyesho la mzee mchunga kondoo utaona faida yake.

Kofi lile lisogeze mwisho kabisa, au liondoe. Ukishaliandika upya onyesho hilo nitumie, hata likiwa na makosa ya chapa.

Wako,
Rehema