Barua ya wazi kwa mjomba wangu: Kuhusu Parade na kifo cha Leo Frank

Mjomba, shikamoo.

Uliniuliza itakuwaje mauaji yaimbwe jukwaani bila kugeuzwa kiburudisho. Nitakujibu kwa Parade, tamthilia ya muziki ya Alfred Uhry na Jason Robert Brown, ambayo mwaka 1998 haikudumu New York, lakini mwaka 2023 ilirudishwa katika ukumbi wa Bernard B. Jacobs chini ya mwongozaji Michael Arden.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Aprili 1913, Mary Phagan, binti wa miaka 13, aliuawa katika kiwanda cha penseli mjini Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, alikokwenda kuchukua ujira wake, na msimamizi wa kiwanda, Leo Frank, Myahudi aliyekulia Brooklyn, akahukumiwa kifo kwa ushahidi dhaifu. Gavana John Slaton alipoibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, genge lilimtoa Frank gerezani na kumnyonga katika mji wa Marietta, tarehe 17 Agosti 1915. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Sehemu ya kwanza ya tamthilia inamalizika kwa umati kucheza ngoma kushangilia hukumu. Taa za ukumbini zinapowashwa na watazamaji kuinuka kwenda kununua vinywaji, Ben Platt, aliyemwigiza Frank, anabaki ameketi jukwaani kama mfungwa, muda wote wa mapumziko. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lako, kwa sababu muziki ulikuwa umenyamaza na kila aliyetoka alijua anamwacha nani nyuma yake. Micaela Diamond, kama mkewe Lucille, aliimba kwa hasira iliyodhibitiwa ambayo sijaisikia kwa mwimbaji mwingine.

Kasoro ninayoiona ni kubwa. Jim Conley, mfagizi Mweusi ambaye wanahistoria wengi leo wanaamini ndiye muuaji, anapewa nyimbo za kusisimua kuliko zote, na ukumbi ulimpigia makofi mengi. Lakini maisha yake katika Georgia ya ubaguzi hayaelezwi vya kutosha. Wimbo wa watumishi wawili Weusi katika sehemu ya pili unajaribu kuliziba pengo hilo, wakiuliza kama waandishi wa habari wa majimbo ya Kaskazini wangefunga safari iwapo aliyeuawa angekuwa binti Mweusi. Ni wimbo mfupi mno kwa uzito wa swali lake.

Usidhani mambo haya yamezeeka, Mjomba. Februari 2023, siku ya kwanza ya maonyesho ya majaribio, wafuasi wa itikadi ya Kinazi walikuja kuandamana nje ya ukumbi huo. Nalo jimbo la Georgia lilipomsamehe Frank mwaka 1986, lilikiri kwamba lilishindwa kumlinda, bila kutamka kama alikuwa na hatia au la.

Rekodi ya nyimbo za waigizaji wa 2023 inapatikana. Uanze na huo wa watumishi wawili, kisha uniandikie kama mwalimu wa historia unavyouona.

Mpwa wako