Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotutoa jasho zaidi mwaka huu: kuijua gilezi, ule utando wa kioo tunaouchomea juu ya vyombo vyetu vya udongo.

Tulizoea kununua unga uliokwisha kuchanganywa na kuuamini kwa rangi yake. Sasa tunapima wenyewe. Silika, madini ya mchanga mweupe, ndiyo kioo chenyewe, lakini peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, na tanuri zetu hazifiki huko. Felspa (aina ya madini ya mawe), mawe ya chokaa yaliyosagwa na majivu ya kuni huiwezesha kuyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,300. Kaolini, ule udongo mweupe, huishika isichuruzike, nayo tunayo vilimani Pugu. Magadi wengi mmeyauliza kwa sababu ni rahisi kupatikana. Shida yake ni kwamba huyeyuka majini na kunywewa na chombo. Sharti kwanza yayeyushwe motoni pamoja na silika, kisha yasagwe upya.

Katika rangi, madini ya kobalti, ambayo nyingi duniani huchimbwa Kongo, ni kali mno: asilimia 1 yatosha kwa buluu iliyokolea. Shaba hutoa kijani tanuri likipata hewa, nyekundu likinyimwa. Mimi moyo wangu uko kwa chuma. Asilimia 1 au 2 katika moto ulionyimwa hewa huleta kijani hafifu kiitwacho seladoni, kama cha vigae vya Kichina vilivyopatikana Kilwa Kisiwani. Kikifika 8 hadi 10, gilezi huwa kahawia au nyeusi.

Sasa ombi langu zito. Mkutano upitishe kwamba unga usiojulikana kilichomo usipakwe kwenye chombo cha chakula. Huenda una risasi, yaani ledi, metali yenye sumu, ambayo hutoka polepole ikikutana na ndimu au siki, na shaba ikichanganywa nayo huzidisha hatari. Kipande cha ndimu kilazwe juu ya gilezi usiku kucha. Rangi ikibadilika, chombo kisiuzwe. Lakini isipobadilika, bado si uthibitisho kuwa hakuna risasi. Hilo ni la maabara.

Vumbi la silika huharibu mapafu. Karakana ipigwe deki, isifagiliwe kavu, na barakoa zivaliwe.

Mizani ya chama, inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, iko kwa katibu. Anayeihitaji aandike jina kwenye daftari.